Makarani, Mawakala na Mafundi: Jinsi Watu wa Hola Walivyoingia Katika Kazi za Kompyuta

Historia ya kazi za kompyuta nchini Kenya haitaji mji wa Hola, na sababu yake ni wazi, kwa kuwa historia hiyo imeandikwa kwa kuzifuata mashine, nazo mashine zilikaa Nairobi na Mombasa kwa miongo mingi kabla ya kufika ukingoni mwa Mto Tana. Lakini mtafiti akiwafuata watu badala ya mashine, yaani akiuliza ni kwa njia gani mtu asiye na mafunzo maalumu alijikuta akipata riziki kwa kutunza, kusafirisha au kutengeneza vyombo vya habari na takwimu, basi Hola ina mengi ya kueleza. Kazi hizo leo hukusanywa chini ya jina la Teknolojia ya Habari na Mawasiliano, kwa kifupi TEHAMA, jina linalomfanya kijana aliyemaliza kidato cha nne adhani kwamba mbele yake kuna mlango mmoja wenye kufuli moja, na kwamba ufunguo wake ni shahada. Mambo yaliyotokea katika bonde la chini la Tana yanaonyesha vinginevyo: walioingia waliingia kupitia kazi waliyokwisha kuijua, na mwelekeo wao ndani ya TEHAMA uliamuliwa na ujuzi ule wa awali kuliko ulivyoamuliwa na kompyuta yenyewe.

Jambo hili si la Hola peke yake, kwani fani yenyewe ilianzishwa na watu wasio na fani. Wanawake sita walioteuliwa mwaka 1945 kuipangia kazi kompyuta ya ENIAC katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walikuwa wakokotoaji wa hesabu kwa mkono, na hapakuwa na mtu yeyote ambaye angeweza kuwafundisha programu, yaani mfuatano wa maagizo ambao mashine huutekeleza, kwa kuwa maarifa hayo yalikuwa hayajapata mwalimu. Jijini London, kampuni ya J. Lyons, iliyojulikana kwa chai na keki zake, ilianza mwaka 1951 kuitumia kompyuta yake ya LEO kwa shughuli za ofisi, na miongoni mwa watu iliowafundisha kuandika programu walikuwamo wafanyakazi wake yenyewe, ambao hawakuwa na ujuzi wa umeme lakini walijua jinsi maagizo ya maduka yanavyopokelewa na jinsi hesabu za kampuni zinavyofungwa. Kompyuta inayotajwa kuwa ya kwanza nchini Kenya, ICT 1202, iliwekwa na Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki mwaka 1960, na mashine za aina hiyo zililishwa kwa kadi zilizotobolewa, yaani vipande vya karatasi ngumu ambavyo matundu yake yalisimamia tarakimu na herufi. Kazi ya kutoboa kadi hizo na kuzihakiki ilihitaji mkono mwepesi na jicho lisilochoka, sifa ambazo makarani na wapiga chapa walikuwa nazo tayari, na kwa muda mrefu kutoboa kadi kulibaki kuwa lango pana kuliko yote la kuingilia chumba cha kompyuta.

Hola ya wakati huo haikuwa na chumba kama hicho, ila ilikuwa na makarani, kwa kuwa ilikuwa na mradi wa kutunziwa hesabu. Mpango wa umwagiliaji wa Hola, ambao pia uliitwa Galole, ulianza mwaka 1953 chini ya serikali ya kikoloni, na mifereji yake ilichimbwa na watu waliowekwa kizuizini wakati wa vita vya Mau Mau. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 wa kambi ya Hola walipigwa na walinzi hadi wakafa kwa kukataa kazi ya kulazimishwa, na taarifa rasmi ya kwanza ikadai kwamba walikufa baada ya kunywa maji, mpaka uchunguzi wa mahakama ulipoonyesha kwamba miili yao ilikuwa na majeraha ya kipigo. Mji ambao maafa yake yaliandikwa kwa uongo katika karatasi za serikali unastahili kukumbukwa na kila anayedhani kwamba kutunza kumbukumbu ni kazi ndogo ya mtu aliyekosa nyingine.

Baada ya uhuru, Bodi ya Taifa ya Umwagiliaji, iliyoundwa mwaka 1966, iliusimamia mpango huo, na zao kuu likawa pamba. Mkulima alikuwa mpangaji katika ardhi ya mradi; alipewa maji, mbegu na dawa kwa mkopo, na gharama hizo zilikatwa katika mauzo ya pamba yake kabla hajalipwa kilichosalia. Hesabu ya aina hiyo, ambapo kila kaya ina ukurasa wake na kila ukurasa una madeni na stahili zinazobadilika msimu hadi msimu, ndiyo ambayo wataalamu wa leo wangeiita hifadhidata, yaani mkusanyo wa taarifa uliopangwa ili kila taarifa ipatikane kwa ufunguo wake, isipokuwa ilikaa katika daftari na ilitafutwa kwa kidole. Mwaka 1989 mto ulihama mkondo wake, pampu zikabaki mbali na maji, na kilimo cha pamba kikasimama. Kwa familia nyingi za Galole njia ya kujipatia fedha kwa jembe ilifungwa katika muongo uleule ambao ofisi za serikali nchini zilikuwa zinaanza kupokea kompyuta za mezani.

Ni lazima hapa pasemwe jambo kuhusu umeme, kwa kuwa bila umeme mazungumzo yote ya kuchagua mwelekeo katika TEHAMA ni maneno matupu. Mto unaopita Hola ndio uliozungusha mitambo ya Kindaruma tangu mwaka 1968, kisha ya Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere, mabwawa ambayo kwa miaka mingi yalizalisha sehemu kubwa ya umeme wa Kenya nzima. Umeme huo ulisafirishwa kwenda Nairobi na Mombasa, ilhali Hola ilihudumiwa na jenereta za dizeli zisizounganishwa na gridi ya taifa, yaani mtandao wa nyaya unaogawa umeme nchini kote. Maji yalishuka yakiwa yamekwisha kutoa nguvu zake, na wakati mwingine yalishuka kwa ghadhabu, kama ilivyokuwa katika mafuriko ya El Niño ya mwaka 1997 na 1998 yaliyokata barabara na kuzitenga jamii za bondeni. Katika hali hiyo mwanafunzi wa Tana River, wilaya (sasa kaunti) yenye mji wa Hola, alipewa mtaala uleule na mwenzake wa mjini, akafanya mtihani uleule wa taifa, lakini somo la kompyuta lilikuwa la wale ambao shule zao zilikuwa na maabara na umeme wa kuiendesha. Aliyetaka kujifunza chombo cha ofisi alijifunza taipureta kwanza, na si haba, kwa kuwa vidole vilivyozoea mpangilio wa herufi wa taipureta vilihamia kwenye kompyuta bila ya kufundishwa upya. Tofauti ilikuwa katika kuhifadhi na kusahihisha, wala si katika kuchapa.

Mlango wa kwanza wa TEHAMA uliofunguka kwa upana katika kaunti hii haukufunguliwa na kampuni ya kompyuta. Ulifunguliwa na ukame. Mradi wa Usimamizi wa Rasilimali za Maeneo Kame, ulioanza mwaka 1996 kwa fedha za Benki ya Dunia, uliijumuisha Tana River miongoni mwa wilaya zake, na sehemu moja ya kazi yake ilikuwa mfumo wa tahadhari ya mapema, yaani utaratibu wa kukusanya dalili za njaa kila mwezi ili msaada ufike kabla mifugo haijafa na watoto hawajadhoofu. Dalili hizo ni pamoja na bei ya mbuzi sokoni ikilinganishwa na bei ya mahindi, umbali ambao kaya hutembea kufuata maji, kiasi cha maziwa kinachokamuliwa, na mzingo wa mkono wa mtoto wa chini ya miaka mitano, unaopimwa kwa utepe wenye rangi. Waliokusanya habari hizo walikuwa wakazi wa maeneo yenyewe, walioweza kusoma na kuandika na waliokuwa na miguu ya kufika maboma ya Waorma na Wardei nyakati za malisho na vijiji vya Wapokomo kando ya mto. Fomu walizojaza zilipelekwa ofisini, zikaingizwa kwenye kompyuta, zikatoka kama taarifa yenye majedwali na grafu. Mwaka 2011 kazi hiyo ilirithiwa na Mamlaka ya Taifa ya Kukabiliana na Ukame, na taarifa za kila mwezi zinaendelea kutolewa.

Thamani ya mfumo huo kwa historia ya kazi haijatambuliwa inavyostahili. Karani aliyeingiza takwimu za ukame hakuhitaji kuambiwa kwamba bei ya ng'ombe ikiporomoka ghafla ilhali mvua imenyesha pana kosa la uandishi, kwa sababu yeye mwenyewe ni mtoto wa wafugaji. Aliiona tarakimu ikienda kinyume na akili ya kawaida ya mahali, akairudisha kwa mkusanyaji ili ihakikiwe. Kuhakiki takwimu ndiko nusu ya kazi ya mchambuzi wa data, na ndiyo nusu ambayo haifundishwi kwa wepesi darasani, kwa kuwa inataka ujuzi wa kitu kinachohesabiwa. Nusu ya pili, ambayo ni kanuni za jedwali na lugha za kuulizia hifadhidata, hupatikana kwa kitabu na mazoezi ya miezi michache. Mtu wa namna hii, akiulizwa achague mwelekeo, anao tayari: mwelekeo wake ni takwimu, na uzoefu anaodhani hana umo katika miaka aliyoishi kando ya visima.

Simu ya mkononi ilileta njia mbili nyingine. Baada ya lililokuwa Shirika la Posta na Simu kugawanywa mwaka 1999 na kampuni za simu za mkononi kupanua huduma zao kuanzia mwaka 2000, simu iliacha kuwa chombo cha ofisi ya mkuu wa wilaya ikawa kitu cha mfukoni, na kitu cha mfukoni huanguka, hulowa na huharibika. Fundi simu alizaliwa kutokana na haja hiyo. Kwa kawaida alikuwa kijana aliyekuwa amezoea kutengeneza redio, mwenye bisibisi ndogo, kifaa cha kulehemu na simu kuukuu za kuchomoa vipuri, naye alijifunza kwa kufungua na kufunga. Simu zilipogeuka kuwa kompyuta ndogo zenye mfumo endeshi, yaani programu kuu inayosimamia programu nyingine zote na vifaa vya mashine, fundi huyo alilazimika kujifunza kusakinisha upya mfumo huo na kuokoa picha na majina yaliyohifadhiwa. Kwa kufanya hivyo akawa ameingia katika tawi la matengenezo na usaidizi wa watumiaji bila ya kuomba ruhusa kwa yeyote.

Njia ya pili ilikuwa ya fedha. Huduma ya M-Pesa, iliyoanzishwa na Safaricom mwezi Machi 2007, iliwezesha fedha kutumwa kwa ujumbe wa simu, na ilisimama juu ya mabega ya mawakala, watu wa dukani waliopokea pesa taslimu na kuzigeuza kuwa salio la simu au kinyume chake. Wakala hulazimika kuwa na floti, yaani akiba ya salio na ya fedha taslimu inayomwezesha kuhudumia pande zote mbili. Hukagua kitambulisho, huandika muamala katika daftari, hulinda namba ya siri, na jioni hulinganisha daftari, droo na simu mpaka vitatu hivyo vikubaliane. Katika kaunti pana yenye matawi machache ya benki, kazi hiyo iliwafanya wauzaji wa maduka, wengi wao wanawake, kuwa watu wa kwanza wa mahali pao kuendesha mfumo wa kifedha wa kielektroniki kila siku na kuzijua mbinu za matapeli kabla hazijaandikwa katika mwongozo wowote. Upatanisho wa hesabu, udhibiti wa anayeruhusiwa kuingia katika mfumo na utambuzi wa ulaghai ni nguzo za taaluma ya usalama wa mifumo na ya ukaguzi wake, na wakala aliyedumu dukani miaka mitano bila ya hasara kubwa anazifahamu kwa uchungu wa mfuko wake.

Kati ya fundi na wakala alisimama mhudumu wa saiba, yaani duka la kulipia matumizi ya kompyuta na intaneti. Nyaya za chini ya bahari zilizotua Mombasa mwaka 2009, TEAMS na SEACOM, zilipunguza utegemezi wa setilaiti, ingawa unafuu wa bei uliwafikia watu wa bara na wa mtoni kwa kuchelewa. Kilichojaza saiba za miji midogo, hata hivyo, kilikuwa uamuzi wa serikali wa kuhamishia huduma zake mtandaoni: marejesho ya ushuru kupitia mfumo wa iTax, ambayo hata asiye na kipato lakini mwenye namba ya mlipakodi hutakiwa kuyawasilisha kila mwaka kabla ya Juni kwisha; maombi ya vyeti na vibali kupitia jukwaa la eCitizen; uteuzi wa kozi za vyuo vikuu; na mikopo ya elimu ya juu. Mzee asiyesoma, mjane anayefuatilia cheti cha kifo na mwanafunzi mwenye barua ya kujiunga na chuo wote walikaa kwenye benchi moja, na mhudumu aliwasomea maswali kwa Kiswahili, kwa Kipokomo au kwa Kiorma, akaandika majibu kwa Kiingereza. Kazi yake ilikuwa ya mkalimani baina ya mwananchi na mfumo, na wabunifu wa mifumo wangefaidika mno kama wangemuuliza ni swali gani katika fomu lisiloeleweka, kwa kuwa hakuna aliyelirudia mara nyingi kuliko yeye. Baadaye Kituo cha Huduma cha serikali kilipofunguliwa Hola, nyingi za shughuli hizo zilipata meza rasmi, bila ya saiba kukosa wateja.

Kazi za muda mfupi za serikali ziliongeza mkondo mwingine. Uandikishaji wa wapigakura kwa alama za vidole na picha, ulioanza Novemba 2012, uliwahitaji makarani wa kuendesha mashine hizo katika kila wadi, na katika Delta ya Tana ulifanyika miezi michache tu baada ya mapigano ya Agosti na Septemba mwaka huo baina ya Wapokomo na Waorma, wakati ambapo karani aliyekubalika na pande zote alikuwa na thamani isiyopimika kwa cheti. Sensa ya Agosti 2019 ilikuwa ya kwanza nchini kukusanywa kwa vishikwambi badala ya fomu za karatasi, na matokeo yake, yaliyoihesabu Tana River kuwa na watu 315,943, yalipita mikononi mwa vijana ambao wengi wao hawakuwahi kuajiriwa kabla ya hapo. Walifundishwa kwa siku chache, wakafanya kazi, vishikwambi vikarudishwa, na shughuli ikaisha. Hapo ndipo historia hii inapokuwa na kasoro inayouma, kwa sababu ustadi uliopatikana kwa gharama ya umma uliachwa utawanyike, na kijana aliyeweza kutatua hitilafu ya kishikwambi katika kijiji kisicho na mtandao alirudi nyumbani akijieleza kuwa hana uzoefu.

Kuanzishwa kwa serikali za kaunti mwaka 2013, huku Hola ikiwa makao makuu, kulileta kwa mara ya kwanza ajira za kudumu za TEHAMA katika mji wenyewe. Malipo ya kaunti yalilazimika kupitia mfumo wa serikali wa usimamizi wa fedha unaojulikana kama IFMIS, hivyo wahasibu na maofisa wa manunuzi waliorithiwa kutoka mabaraza na wizara walijikuta wanajifunza mfumo wa kompyuta wakiwa kazini, na waliouelewa haraka wakawa ndio wanaoitwa kila unapokwama. Wakati huohuo nafasi zilizotangazwa kwa jina la TEHAMA zilitaka stashahada au shahada, na hivyo mji mmoja ukawa na makundi mawili: wenye vyeti waliotoka vyuoni bila ya kuujua mji, na wanaoujua mji waliobaki nje ya muundo wa utumishi. Programu ya Ajira Digital, iliyoanzishwa na wizara inayohusika mwaka 2016 ili kuwafundisha vijana kazi za mtandaoni kama vile kunukuu sauti na kuingiza data, iliahidi kulipita tatizo hilo kwa kumuunganisha kijana wa Hola na mteja wa ng'ambo moja kwa moja. Ahadi hiyo ina ukweli, lakini kazi ambayo inaweza kufanywa na mtu yeyote popote hushindaniwa na kila mtu popote, na huondoka kwa wepesi uleule iliokuja nao; mwezi Machi 2024 jukwaa la Remotasks, lililowapa Wakenya wengi vibarua vya kuzifundisha mashine, lilifunga shughuli zake nchini kwa notisi fupi mno. Ujuzi wa bei za mifugo, wa lugha za mtoni na wa fomu za serikali hauondoki namna hiyo, na mwelekeo uliojengwa juu yake una mizizi.

Ushauri unaotolewa kwa vijana kwa kawaida huanza na orodha ya matawi, kama vile uandishi wa programu, mitandao, usalama, takwimu na usanifu, kisha humtaka kijana achague tawi linalolipa. Mpangilio huo unafaa mahali penye kampuni za kila tawi. Hola hakuna kampuni hizo, ila zipo hospitali, shule, ofisi za ukame, maduka ya wakala, miradi ya maji na kaunti yenyewe, na kila mojawapo ina daftari ambalo halijawa mfumo au mfumo ambao hakuna wa kuutunza. Kozi fupi ambayo watu huiita pakeji, yaani mafunzo ya programu za kuandikia, za majedwali na za maonyesho, imedharauliwa kupita kiasi na walioishi mijini. Kwa muuguzi, mwalimu au mwekahesabu ambaye tayari ana jambo la kuhesabu, pakeji ya majedwali ni mwanzo halisi wa taaluma, wakati kwa mtu asiye na jambo lolote la kuhesabu hubaki kuwa cheti cha ukutani.

Kwa mafundi wa mkono Kenya iliwahi kulipatia jibu tatizo la ujuzi usio na shule. Majaribio ya ufundi ya serikali, ambayo sasa husimamiwa na Mamlaka ya Taifa ya Mafunzo ya Viwandani, humpima mwashi, seremala au fundi umeme kwa kazi ya mikono yake na kumpa daraja la tatu, la pili au la kwanza, bila ya kujali aliachia darasa gani. Sheria ya Mfumo wa Taifa wa Sifa za Kitaaluma ya mwaka 2014 ilitoa msingi wa kuupanua utaratibu huo kwa fani nyingine, kwa kile kinachoitwa utambuzi wa ujuzi wa awali, ambapo mtu huleta ushahidi wa alichofanya na kupimwa kwa huo. Karani wa ukame anaweza kuleta miaka ya taarifa za kila mwezi, wakala anaweza kuleta madaftari yaliyopatanishwa, na fundi simu anaweza kuketishwa mbele ya simu iliyokufa na kupewa muda. Anayekosekana ni mpimaji atakayeketi Hola, kwa kuwa mtu anayelazimika kusafiri hadi Mombasa au Nairobi ili athibitishiwe kazi aliyoifanya nyumbani hulipa nauli na siku ambazo wengi hawana, na kaunti inayotafuta maofisa wa TEHAMA ingepata faida ya haraka kama ingelipia upimaji huo na kuuweka mlangoni pa watu wake.